Kamshafti Zilizotuliza Gari la Mwalimu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Kizota, Fundi Mkuu alinipa chuma kirefu chenye nundu akaniuliza ni nini. Nikajibu ni kitu cha kusagia. Karakana nzima ikacheka, na mimi nikanuna mpaka saa ya chai, maana sipendi kuchekwa na sijawahi kupenda. Chuma kile kilikuwa kamshafti. Inazunguka juu ya injini, na kila nundu ikipita inasukuma valvu ifunguke, nyingine za kuingiza hewa, nyingine za kutoa moshi. Injini inapumua kwa hiyo. Sikujua kwamba chuma hicho hicho kingenivuruga kichwa mpaka nastaafu.

Nilianza kwa kuosha vipuri na dizeli. Nikapelekwa tawi letu la Mpwapwa, chini ya Msimamizi wa Malori, mtu mkimya aliyefundisha kwa kukunyang'anya spana mkononi. Kisha nikarudishwa Kizota, kitengo cha magari madogo, kwa Fundi Mkuu yule yule. Alikuwa Mrangi wa Kondoa, hakosi swala na hakosi maneno. Wateja walikuwa wakinipita na kuniuliza, dada, fundi yuko wapi? Nikawa nawaonyesha ukuta, wakauulize huo.

Fundi Mkuu alikuwa na sheria moja ya kamshafti: nundu kubwa, nguvu kubwa. Nundu ndefu hufungua valvu zaidi, nundu pana huiacha wazi muda mrefu zaidi, na injini inakula hewa inavyotaka. Niliishika sheria hiyo kama sala ya Baba Yetu. Halafu yakaja magari ya turbo, ile feni inayoishindilia injini hewa kwa nguvu, na hapo ndipo nilipoanza kupotea.

Mwalimu Ndahani wa Miyuji alileta gari lake dogo la turbo. Aliyemuuzia alikwisha kulifunga kamshafti zisizo za kiwandani, zenye nundu kubwa kweli kweli, na nundu moja ilikuwa imelika. Mwalimu alitaka kamshafti mpya zitakazolipandisha gari mlima wa Kibakwe bila kumwaibisha. Kila mwisho wa mwezi humpelekea mama yake mahitaji huko, na mlimani lilikuwa likizubaa mpaka bodaboda zinampita. Wakati huo Mkuu wa Karakana alikuwa akitafuta mtu wa kushika kitengo baada ya Fundi Mkuu. Akaniita ofisini.

"Gari la Mwalimu ndiyo mtihani wako," akasema. "Likienda vizuri, kitengo ni chako. Likirudi na malalamiko, unarudi kwenye dizeli."

Jamani, kuchagua kamshafti! Muuza vipuri alinisifia zile kubwa kuliko zote, eti vijana wa mjini wanazigombania. Fundi Mkuu akasema chukua hizo hizo. Mimi nikawa nasoma karatasi za vipimo, nazielewa asubuhi, mchana zimenitoka. Jambo lililonisumbua ni ule muda ambao valvu ya hewa na ya moshi zote ziko wazi kwa pamoja. Kwenye injini ya kawaida iendayo mbio, muda huo ukiwa mrefu ni faida, moshi ukitoka unavuta hewa mpya nyuma yake. Kwenye turbo moshi unabanwa kabla ya kutoka, kwa sababu ndio unaoizungusha turbo yenyewe. Ukiziacha valvu zote wazi muda mrefu, moshi unaweza kurudi ndani. Kwa hiyo nundu kubwa ndizo zilizokuwa zinamnyima Mwalimu nguvu! Nilirudia hesabu hiyo mara nyingi nikiogopa kwamba ni mimi niliyechanganyikiwa, si Fundi Mkuu.

Nikafunga nundu za wastani. Turbo ikaamka mapema, gari likavuta kama limetukanwa. Na silensa, yaani injini inapozunguka bila kukanyagwa mafuta, ikatulia kiasi kwamba ungeweka kikombe cha chai juu ya boneti kisimwagike. Zamani lilikuwa likitetemeka na kukohoa kama mzee aliyeamshwa. Fundi Mkuu alilizunguka, akakuna ndevu, akaenda zake kuswali. Nilifurahi, sifichi.

Mwalimu akaenda Kibakwe, akarudi, akaliegesha pale pale.

"Fundi, linavuta sana," akasema. "Lakini nirudishie lilivyokuwa. Mama hanifungulii mlango."

Kwanza nilidhani wamegombana, kisha nikadhani ananitania. Kumbe mama yake haoni tena, na siku za nyuma kuna watu walifika wakamwita mama, kwa sauti tamu, wakaondoka na mbuzi wake. Tangu hapo hafungulii sauti ya mtu yeyote. Na safari hii Mwalimu ilibidi akatafute jirani amdhamini kwa mama yake mzazi. Mwanamume mzima, alinisimulia akitazama matairi. Mkuu wa Karakana alisikia neno moja tu, "nirudishie", akanikumbusha dizeli. Nikaomba nifuatane na Mwalimu safari iliyofuata, nikajionee.

Tulipanda mlima ule kwa raha, mimi nikajipongeza moyoni. Tukafika. Mlango umefungwa, hakuna mtu nje. Mwalimu akaita. Mimi nikasalimia kwa Kigogo, mbukwenyi. Nikaongeza shikamoo mama, ni fundi wa mwanao. Ndipo sauti ikatoka ndani.

"Sauti ya mtu inaigizwa. Gari la mwanangu linatetemeka. Hilo ni la watu, liondoeni."

Niliumia, na nilikasirika pia. Kazi yangu nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, inafukuzwa uani kama mbwa! Nikajiuliza, sasa nifanyeje? Nirudishe nundu kubwa, apitwe tena na bodaboda? Niache, awe mgeni kwao? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nilikuwa nimekipima kitanda kwa futi.

Kizota nikakaa na injini ile, sina uhakika na lolote. Kamshafti za gari lile zilikuwa mbili, ya hewa na ya moshi, na gia zake zinaweza kusogezwa kidogo. Nikaichelewesha ya moshi, ili valvu zikutane wazi kwa muda mrefu zaidi kidogo. Nikazungusha injini kwa mkono kwanza, valvu zisije zikagonga pistoni. Nikashusha silensa. Likaanza kukohoa. Mwalimu, aliyekuwa amekaa kwenye tairi, akasimama akafumba macho, akasikiliza, akasema ongeza kidogo. Nikaongeza. Nguvu ilipungua, si haba, lakini mlima lingeupanda.

"Umeliharibu," akasema Fundi Mkuu.

Safari ya mwisho wa mwezi tulikwenda wote tena, nimeshika roho mkononi. Chini ya mlima, karibu na mto, Mwalimu alisimama akaliacha gari litetemeke palepale, mlio upande mpaka kwa mama. Tulipofika juu, mama alikuwa amesimama nje na fimbo yake, uso ameuelekeza barabarani, mlango nyuma yake uko wazi. Akamuuliza mwanawe mbona amechelewa. Mwalimu akaenda kushusha unga.

Malalamiko yakaisha, nikapewa kitengo. Yaani nilipandishwa cheo kwa kuharibu kazi yangu nzuri, na mpaka leo silielewi jambo hilo. Nimestaafu, vijana wanakuja kuniuliza kamshafti ipi inafaa kwa turbo. Nawaeleza habari za moshi na valvu, halafu nawauliza gari linakwenda kwa nani. Wanatazamana. Najua wanadhani bibi huyu akili zimeanza kumruka.

Juzi nilimwona Mwalimu sokoni Miyuji, bado na gari lile lile, rangi imebabuka yote. Nikamwambia, Mwalimu, si uliuze ununue jingine? Akaniambia mama angali hai.