Njia za Utepe kwenye Mfarishi wa Bibi

Tulipohamishwa kutoka bondeni Ruvu kuja kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara, karibu na Mlandizi, nyumba zilipangwa kwa mstari. Baba alikuwa na wake wawili. Kule bondeni, mama yangu aliishi upande wa mto na mama mdogo aliishi ng'ambo ya mashamba ya mpunga, umbali wa kutosha mtu asisikie mwenzake akitwanga. Kijijini walipewa viwanja vilivyopakana. Walisalimiana asubuhi kwa sababu hapakuwa na namna ya kutosalimiana, kisha kila mmoja akageukia moshi wake.

Bibi mzaa baba alikaa kwetu. Alikuwa na mtoto wa jicho kwa macho yote mawili. Alijua kumekucha au kumekuchwa, basi. Alikuja kijijini juu ya trekta, pamoja na magunia na kuku. Kila asubuhi aliuliza mto uko upande gani. Tulimshika mabega tukamgeuza uso uelekee huko. Kesho yake aliuliza tena.

Mama alikuwa na cherehani ya mkono. Mjomba wake alikuwa fundi cherehani Kisarawe, na kwake ndiko alikojifunza kushona kabla ya kuolewa. Kipupwe cha mwaka ule alianza kumshonea Bibi mfarishi, lile shuka nene la viraka linalojazwa sufi katikati. Badala ya kuunganisha viraka vyovyote, alivipanga vikawa bonde letu. Kaniki ikawa mto, vipande vya khanga ya kijani vikawa mpunga, suruali ya baba ya kaki ikawa kilima, na kitambaa cha marekani kilichochakaa kikawa mbingu. Nilikuwa darasa la sita. Nilimuuliza kwa nini anahangaika na picha ilhali Bibi haoni.

"Wewe unaona," akasema. "Lete pasi."

Njia alizitengeneza kwa utepe. Alitandika kitambaa chekundu mkekani, akakikunja pembe kwa pembe, akakata vipande vyembamba kwa hanamu, yaani mshazari, bila kufuata uzi. Mimi nilikunja kingo kwa ndani na kuzipiga pasi ya mkaa. "Ukikata wima," aliniambia, "kitambaa hakikubali kona, kinajikunja uso. Cha hanamu kinakwenda unakokipeleka." Aliulaza utepe juu ya viraka, akauvuta kidogo kwa kidole, nao ukapinda bila kufanya kifinyo.

Mahali pamoja ulijikusanya chini ya sindano, ukatuna. Mama alikuwa akitafuta wembe aufumue. Bibi, aliyekaa mkekani akipapasa ule mfarishi, akakutana na uvimbe.

"Hii nini?"

"Nimekosea, mama. Naifumua."

"Kabla hujafumua. Ni nini?"

"Njia ya mtoni."

Bibi akaifuata kwa kidole. Palipotuna aliijua, palipolala bapa ilimpotea. "Njia gani hii inaishia mpungani?" akauliza.

Siku iliyofuata mama alifumua utepe wote, akaushona upya akiwa ameingiza uzi mnene wa pamba ndani yake, kila njia ikasimama kama mshipa wa mkono. Kisha akauweka mfarishi mapajani mwa Bibi. Kwa kidole Bibi alitoka nyumbani, akashuka mtoni, akapanda mpaka msikitini, akarudi. Alitembea hivyo kutwa, akizungumza na watu ambao wengine walikuwa wamekufa zamani. Jioni akauliza, "Na kwa mwenzio huendi?"

Kweli, nyumba ya mama mdogo ilikuwapo, kiraka kidogo cha kahawia kule pembeni, lakini hapakuwa na utepe wa kuifikia.

"Siijui inapopita," mama akasema. "Tangu niolewe sijaipita."

"Basi mwite anayeijua."

Nilitumwa mimi. Mama mdogo alikuwa akichambua maharage. Nilipomweleza alinitazama kama niliyekosea nyumba, akajifunga khanga upya, akanifuata. Alipiga hodi mlangoni ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Bibi akasema. "Kaa hapo. Tuonyeshe njia ya kwako."

Alikaa. Mama alimpa kipande cha chaki ya kushonea bila kumtazama. Mama mdogo akachora taratibu kutoka kiraka cha kahawia, akapita ukingo wa mpunga, na katikati akafanya mzunguko, kisha akaendelea mpaka kwetu.

"Hapa pana nini?" mama akauliza. "Kwa nini inazunguka?"

"Kuna kichuguu. Chini yake yupo mwanangu wa kwanza. Nilianza mimi kupazunguka, na watu wakafuata."

Nilijua kulikuwa na mtoto aliyefariki kabla sijaanza shule, lakini sikuwa nimewahi kusikia mtu akimtaja.

"Wakati ule nilikuwa nimekwenda Kisarawe kwa mjomba," mama akasema.

"Najua."

"Niliporudi ningeweza kuja."

"Ungeweza," mama mdogo akasema, bila ukali. Akaushika ule utepe, akaupindisha kufuata mstari wa chaki. Mama akaweka pini, akazungusha mkono wa cherehani polepole, na mama mdogo akawa anageuza kitambaa mpaka mzunguko ulipokamilika.

Hawakuwa marafiki baada ya hapo. Kilichobadilika ni kwamba mama mdogo aliingia bila hodi, na mama alipopika mihogo mingi alinituma nimpelekee bakuli.

Bibi alifariki masika yaliyofuata. Mfarishi tuliulalia sisi watoto, na sufi ikajikusanya mabongemabonge. Nilipokuwa nikisoma Kibaha, miaka ile ambayo nguo zilikuwa hazionekani madukani, nilirudi likizo nikamkuta mama mdogo amekaa kwetu na mama, mfarishi ukiwa mbele yao. Aliomba kona ya njia yake, pale inapozunguka kichuguu. Mama alichukua mkasi akakata, mbingu na mpunga pamoja, na kwa kuwa kingo zingechanika, akatoa gauni lake la zamani, akalikata hanamu, akakipigia kile kipande utepe pande zote.

"Pindo halilingani rangi," akasema.

"Si la kuvaa," mama mdogo akajibu. Alikikunja, akakitia kwapani, akaenda zake kwa sababu alikuwa ameacha chungu jikoni.