Kikao cha Jumamosi

Kazi yangu ni kuandika mradi utaharibu nini kabla haujaanza. Nina cheti cha kazi hiyo na buti za mpira. Mwaka ule nilipewa kituo cha magari cha mjini Kisii: steji ya zamani ibomolewe, maduka ya ghorofa yainuke, lami imwagwe mpaka chini bondeni. Na huko bondeni kuna chemchemi ambayo mama yangu ameoshea mboga zake tangu nikiwa mgongoni. Anauza chinsaga na managu kando ya steji, yeye na wenzake, na mboga yenye udongo hakuna anayeigusa.

Nilipima maji, nikaitia chemchemi kwenye ramani, nikaandika kwamba ikifunikwa kina mama wa mboga hawatakuwa na pengine pa kuoshea. Lakini neno langu peke yake halitoshi. Wananchi huitwa kikaoni wajisemee, na wasiposema, huhesabiwa hawana neno. Nikatafuta ukumbi. Ulikuwa wazi Jumamosi. Nikabandika matangazo steji nzima kwa mkono wangu mwenyewe.

Mtu mzima na akili zangu, nimelelewa Nyanchwa, kilimani penye kanisa la Kisabato, nikawaita kina mama Wasabato kikaoni siku ya Sabato! Mgeni angesamehewa. Mimi nilikaa kwenye benchi la kanisa lile kila Jumamosi hadi nilipomaliza shule. Kisha nikapata kazi, nikapanga nyumba Nyamira, nikaacha kwenda, na kidogo kidogo Jumamosi ikawa siku ya kufua nguo na kusikiliza redio. Hakuna anayenibishia hodi. Ukiishi hivyo kwa miaka, siku zote huwa sawa.

Siku ya kikao walikuja wenye maduka na madereva, na wote walitaka lami. Viti vya mbele nilikuwa nimewawekea kina mama. Niliangalia mlango hadi chai ikapoa. Ndipo nikasikia kwaya kwa mbali, kwenye kipaza sauti cha kanisa, nikakumbuka ni siku gani.

Jumatatu nilimwandikia bosi wangu Nairobi, nikaungama kosa na kuomba kikao cha pili. Akanyamaza wiki nzima. Alipopiga simu ilikuwa Ijumaa jioni, na kina mama walikuwa wameshafunga biashara mapema kwenda kujiandaa kwa Sabato.

"Wananchi wenyewe wakiomba kwa maandishi, sawa," alisema. "Nitumie sahihi zao kesho kabla ya saa sita. Baada ya hapo ripoti inafungwa."

Kwa hiyo asubuhi nilipanda Nyanchwa na karatasi mkobani. Mama alikuwa mlangoni mwa kanisa na gauni lake jeupe. Aliponiona uso wake ulifunguka kabisa.

"Sabato njema, mwanangu," akasema, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Nami nikatoa karatasi. Aliisoma hadi mwisho, taratibu. Akaikunja, akairudisha mkobani mwangu, akafunga zipu.

"Nilidhani umerudi," alisema. "Kesho nitakuandikia jina mapema, na wenzangu pia. Leo hapana."

"Mama, kesho watakuwa wamefunga ripoti. Chemchemi itaenda."

"Basi iende."

Na ikaenda. Sasa iko chini ya lami, na mama huoshea mboga nyumbani kwa maji ya mvua, zinafika sokoni zimeanza kunyauka. Hajanilaumu hata siku moja. Ningefurahi angenifokea.

Asubuhi ile niliona aibu kuondoka, nikamfuata ndani. Yeye alienda mahali pake pale mbele. Mimi nilikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, mkoba magotini. Wimbo wa kwanza nilikuwa nimesahau beti za katikati, nikawa nachezesha midomo tu.

Kisha mzee wa kanisa akasimama, akatabasamu, akaomba walio wageni wasimame wakaribishwe. Watu wakageuka kutazama nyuma. Niliangalia kisogo cha mama, nikingoja ageuke aseme huyu si mgeni, huyu ni wangu.

Hakugeuka. Nikasimama.