Njia ya Widad ya Kwenda Tunis

Dada yangu Widad alifundisha jiografia miaka thelathini na moja hapa Irbid, na hajawahi kupanda ndege. Alipostaafu akanunua kompyuta, usukani wa kuigiza urubani na ubishi mpya, kana kwamba ule wa zamani haukututosha. Chumba cha wageni akakiteka. Wageni sasa nawakalisha jikoni.

Wanaorusha ndege hizo za kompyuta wana klabu yao. Kila nchi ina mwongozaji wake, mtu wa kweli aliyeketi nyumbani kwake na kipaza sauti, anayekupokea mpakani na kukukabidhi kwa mwenzake. Siku ya Idi ndege arobaini hufuatana kutoka Amman hadi Tunis, na haingii kwenye msafara huo ila aliyefaulu mtihani. Mtihani ni mara tatu tu, na hufanywa jioni. Widad alikuwa ameshafeli mbili.

Mara ya kwanza alipiga rula toka Amman mpaka Tunis, mwalimu mzima. Lamjed, mtahini wao na mwongozaji wa Tunis, akamwambia, "Mama, angani kuna barabara, na nyingine ni za kwenda tu. Wewe umekatiza mashamba ya watu." Mara ya pili alifuata barabara vizuri, pwani kwa pwani, kwenye kimo cha namba shufwa kama wote waendao magharibi. Lakini ilikuwa Ramadhani, na jua likamchwea njiani. Akaita Misri, kimya. Akaita Libya, kimya. Wote wako kwenye supu.

"Aliyevuka nchi mbili bila kusema na mtu amefeli," akasema Lamjed.

"Walikuwa wanafuturu, mwanangu."

"Kanuni haina futari, mama."

Nilikasirika kuliko yeye. Nikamwambia, "Umri huu unafelishwa na watoto, huoni haya?"

"Haya ningeona kama ningeacha. Sogea, unaniziba taa."

Wiki nzima alishinda na ramani na jedwali la adhana za kila mji. Jua lina mbio kuliko ndege, akasema, kwa hiyo litampita tu. Kazi ni kujua litampitia wapi. Akaona barabara moja inayotoka Misri mapema na kupanda kaskazini, juu ya Krete. Ni ndefu, hakuna anayeitaka.

"Kwa Wagiriki kuna nini?" nikamuuliza.

"Hawafungi."

Siku ya mtihani aliruka saa kumi na dakika arobaini. Misri ikampokea na kumtoa nusu saa kabla ya adhana yao. Yetu ilipoadhiniwa nilimtilia tende mdomoni huku akiongea na binti wa Kigiriki, Stavroula, aliyemjibu kila neno. Chakula changu kikapoa. Nikanung'unika kwamba mtu huyu anajali mstari kuliko watu.

Akapita Malta. Akaingia kwa Lamjed, ambaye hakuruhusiwa kubanduka kitini mpaka ndege itue. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mama, endelea kushuka."

"Siendelei. Huko kwako wameadhini sasa hivi. Nenda ukale."

"Nikiondoka mtihani umevunjika."

"Rubani akiomba kuzunguka mahali pamoja, kanuni inasemaje?"

"Akiwa na mafuta, anazunguka."

"Basi naomba kuzunguka. Nimebeba mafuta ya dakika ishirini ya ziada. Ni ya supu yako ya chorba."

Nilisimama mlangoni na sahani mkononi. Mwezi mzima nilimpikia huku nikimsema hajali mtu, kumbe alikuwa ameshampangia futari yule mtoto aliyemfelisha mara mbili, kwenye hesabu yake ya mafuta. Niliona aibu, sifichi.

Lamjed alirudi baada ya dakika kumi na nane. Akamshusha taratibu, taa za uwanja zikaja, magurudumu yakagusa.

"Miaka sita natahini," akasema. "Kila Ramadhani nafuturu saa nne usiku. Hakuna aliyewahi kuniuliza." Akakohoa. "Siku ya Idi utatangulia wewe, mama. Wengine watafuata njia yako."

Widad akavua vipokea sauti, akauliza kama kuna chakula. Nikaenda kukipasha moto.