Kanzu Alizonishonea Jirani

Siwezi kusingizia ujinga. Vita vya Msalaba nilivisoma kambini Tanzania, katika darasa la mabati lililokuwa likivuja, na mwalimu wetu wa historia, Mrundi mwenzetu, alitukaririsha hadi vikatuingia: Wakristo wa Ulaya walijishonea msalaba kifuani, wakaenda Yerusalemu kuwapiga Waislamu, wakaua hata waliokuwa wamejificha. Kwenye mtihani nilishika nafasi ya pili. Kwa hiyo mchungaji aliponionyesha kwenye simu yake picha ya askari mwenye kanzu nyeupe na msalaba mwekundu, nilijua ninachokitazama.

Mchungaji huyo alikuwa Mkongo kutoka Louisville, huku Marekani, na ndiye aliyeyatungia makanisa yote michezo ya watoto. Makanisa yetu matatu, lao la Louisville, letu la Columbus na la Buffalo, yalikuwa yakikutana mara moja kwa mwaka ili kwaya zishindane huku zikijidai hazishindani. Mwaka uliotangulia Louisville walikuja na sare za kitenge zilizotuumiza roho, sisi wa Columbus tukaonekana kama kuku walionyeshewa. Safari hii mkutano ulikuwa kwetu, na mimi ndiye niliyesimamia watoto. Nilitaka watu wa Louisville warudi kwao kimya.

"Bon, mama, iko teatre tu," mchungaji aliniambia kwa Kiswahili chake cha Bukavu. "Batoto banapenda mapanga. Donc, kanzu kumi na mbili, utazipata?"

Nikasema nitazipata. Mimi ambaye hata kupitisha uzi kwenye sindano ya cherehani ni kazi ya asubuhi nzima! Aliyejua kushona ni jirani yangu.

Jirani yangu alikuwa Msomali aliyekulia kambi za Kenya. Milango yetu ilitazamana, kwenye fleti za kaskazini mwa Columbus, mbele kidogo ya Clintonville yenye nyumba za bustani. Tulifanya kazi ghala moja, yeye zamu ya asubuhi, mimi ya mchana, kwa hiyo mwanangu wa miaka minane akitoka shule alikula kwake na kujua Kisomali kuliko Kirundi. Jirani aliniita abaayo, yaani dada. Alikuwa na binti wa darasa la tisa, na huyo nilimfundisha mwenyewe kuniamkia shikamoo, maana huko Kenya hawaihangaikii sana.

Nilikaa kwenye zulia lake na kitambaa cheupe mapajani. Ningeweza kumwambia. Angekataa, na yangekwisha. Hakuna aliyewahi kufa kwa kukosa kanzu. Lakini nilimwambia, "Ni mchezo wa watoto, wa mambo ya waganga. Unawakumbuka wale wa kliniki kambini, wenye alama nyekundu?"

Uso ukamchangamka. "Hao ndio walinizalisha huyu!" akasema, akimnyooshea binti yake kidole. "Abaayo, hao nitawashonea vizuri."

Akawashonea vizuri. Kila msalaba aliuzungushia mshono mara mbili. Chini aliacha upindo mpana wa vidole vinne, akasema watoto hukua, siku ikifika tutaufungua. Kumwona akijituma vile kungenifunga mdomo kama ningekuwa na haya. Badala yake niliazima na mitandio yake minne, nikisema ni ya kuwafunika wagonjwa. Kumbe ilikuwa ya kuwafunga kichwani wale watakaouawa.

Binti yake ndiye aliyenishtukia. Siku niliyokwenda kuchukua kanzu, mama yake akiwa jikoni, alinisogelea akasema kwa sauti ya chini, "Anti, hizi ziko kwenye kitabu chetu cha historia. Si za madaktari."

"Najua," nikamwambia. "Ni mchezo tu. Usimsumbue mama yako."

Alinitii. Ndiyo hasara ya kumfundisha mtoto heshima.

Jirani sikumwalika. Mwanangu ndiye aliyemwalika, kwa kuwa naye alikuwa na kanzu na alitaka aonekane. Jumamosi ile mchana nikamwona akiingia ukumbini na sinia la sambusa lililofunikwa foili, binti yake nyuma. Wahudumu, kwa kuheshimu mgeni, wakampeleka kiti cha mbele. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa maboksi ya ghalani kwetu, stika hazijabanduliwa. Aliyatambua, akacheka peke yake.

Kisha kanzu zikaingia. Mwanangu alikuwa wa tatu, ameshika panga la ubao, na alipomwona jirani akampungia mkono. Naye akampungia. Halafu wakatokea watoto wanne waliofungwa mitandio yake, mmoja ule wa zambarau aliouvaa siku ya Idi, wakipiga kelele za lugha isiyokuwepo duniani, na kanzu zote zikawavamia. Walianguka mmoja mmoja. Watu wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, mchungaji akasema amina kwenye kipaza sauti. Mimi niliona mgongo wa jirani tu. Hakuinuka mpaka mwisho, na sinia lilibaki mapajani.

Nilimkuta kwenye korido. Alikuwa amekwisha kuikusanya mitandio yake, anaikunja.

"Kwani na wewe walikudanganya, abaayo?" akaniuliza.

Aliuliza kwa upole, na hadi leo upole ule unaniuma kuliko matusi. Ningesema hapana, ningempoteza, na ningestahili.

"Ndiyo," nikasema. "Walinidanganya."

Akanishika mkono. Akanipa pole, mimi!

"She knew," binti yake akasema, kisha akarudia kwa Kiswahili ili asiwepo wa kujifanya hakusikia. "Mama, anti alijua. Mimi nilimuuliza."

Kofi lilisikika hadi ukumbini. "Huwezi ita mtu mzima mwongo," mama yake akamwambia. "Omba anti yako msamaha."

Msichana hakulia. Alinikazia macho, na najua alikuwa akinipa nafasi, kwa sababu alikaa hivyo muda mrefu kuliko mtoto anavyoruhusiwa kumkazia macho mkubwa. Mimi nikaitazama mitandio.

"Samahani, anti," akasema.

Nami nikamjibu, "Nimekusamehe."

Nimewahi kusema uongo mwingi maishani, mwingine hata kwa maofisa waliokuwa na mihuri, lakini hakuna neno ninalolionea aibu kama hilo moja.

Baadaye tulihamia Buffalo, tukapata nyumba ya bei nafuu mtaa wa Black Rock. Sanduku la kanzu nikaja nalo, maana mkutano uliofuata ulikuwa huku, na hakuna aliyelidai tena. Kila Krismasi jirani hunipigia simu, na kila Idi mimi humpigia. Hupenda kuniambia jinsi anavyowaeleza wanawake wa msikitini kwake kwamba Wakristo si wote wabaya, yeye ana rafiki aliyedanganywa pamoja naye. Mimi huguna tu, kisha nauliza hali ya hewa ya Columbus.

Mwaka huu kanisa la Buffalo limetaka mchezo urudiwe. Watoto wa sasa ni warefu, kwa hiyo kiongozi wa kwaya, mama mmoja wa Cheektowaga, akaniomba nifungue upindo. Nikakaa jikoni na wembe, nikaanza na kanzu ya kwanza. Uzi ulikuwa imara, ulinishinda nguvu. Ulipoachia, kitambaa cha ndani kikateremka, cheupe pee, vidole vinne kamili. Aliwaza watoto wetu watakua. Niliweka wembe chini, nikachukua simu.

Nilisema yote bila kupumua: nilijua tangu picha ya kwanza, mitandio niliiazima nikijua, na binti yako alisema kweli.

Nilimsikia akifunga bomba la maji.

"Nilipiga mtoto mbele ya watu," akasema, wala hakuwa akizungumza nami. Kisha, "Miaka hii yote alikataa kukusalimia kwa simu. Nilikuwa namwita mkaidi."

"Nisamehe, dada yangu."

"Mimi wacha kwanza. Yeye yuko hapa, amekuja kunitembelea. Mwambie yeye, na mimi nimesimama hapa hapa."

Simu ikabadilisha mikono. Sauti iliyokuja ilikuwa ya mwanamke mzima.

"Shikamoo, anti."

Marahaba sikuitoa; haikuwa haki yangu. "Ulisema kweli siku ile," nikamwambia. "Mwongo nilikuwa mimi."

Nilimsikia akigeuka pembeni, akasema kwa Kiswahili kitupu, bila neno hata moja la Kiingereza, "Umesikia, mama?"