Mita Tatu za Bugarama

Deodata alikuwa na madaftari thelathini na moja ya jalada gumu, na yote yalinuka dizeli. Humo mlikuwa na kila kisima ambacho kampuni ya Mzee Hasani ilichimba Ngara na Biharamulo kwa miaka kumi na tisa. Visima mia mbili na sita.

Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, hatua tano kutoka kwenye mashine, na kusubiri. Mashine ikitapika unga wa mwamba, alichota kiganja kimoja, akausuuza kwenye chujio la chai, akausugua kwa kidole gumba, akaunusa, kisha akaandika. Udongo mwekundu. Udongo mweupe, laini kama unga wa muhogo. Mwamba uliooza. Mwamba wa kijivu, unameta. Na siku ikiwa njema: maji. Neno hilo aliliandika kwa wino mwekundu, na hakulizoea kamwe. Kila mara lilipotoka kwenye kalamu aliinua macho kutazama kilima, shamba la migomba, nyumba ya mtu, akashangaa kwamba wote walikuwa wakitembea juu yake bila kujua.

Alizaliwa Ntobeye, mtoto wa wazazi waliovuka kutoka Burundi wakiwa na jembe moja na godoro. Shule aliishia darasa la saba, ila mwandiko wake ulikuwa mzuri hata mafundi wakamwita Mwalimu. Mzee Hasani, ambaye baba yake alitoka pwani na kufungua duka la vitambaa Ngara mjini, alimwajiri kwa ajili ya mwandiko huo. Baadaye aligundua kwamba amepata na pua.

Mwaka huu binti yake Hasani, Asmaa, alirudi kutoka masomoni Mwanza na habari ya programu. Ilitengenezwa kwa ajili ya wachimbaji tu. Unaandika kwenye simu palepale penye shimo, maandishi yanapaa, yanahifadhiwa mtandaoni, na aliyeko ofisini anayaona kabla vumbi halijatua. Hununui; unalipia kila mwezi. Siku thelathini za kwanza ni za kujaribu.

"Kama king'amuzi," alisema Mzee Hasani.

"Kama king'amuzi, baba."

"Na nisipolipa mwezi mmoja, visima vyangu vinakuwa giza? Naambiwa niwasiliane na mtoa huduma?"

Asmaa alicheka, lakini Deodata hakucheka. Hilo ndilo lilikuwa swali lake pia. Daftari halizimiki.

"Mimi sijui mambo haya," Hasani akasema. "Anayejua visima ni Deodata. Mpe siku zako thelathini. Akisema ndiyo, nalipa. Akisema hapana, hatulizungumzi tena."

Basi Deodata akaanza kuipima programu kama alivyopima udongo, polepole na bila kuiamini.

Wiki ya kwanza ilimpa sababu ya kuikataa. Walikuwa wakichimba karibu na Kabanga, mpakani, na katikati ya kazi simu ikadaka mtandao wa Burundi, ambako saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Alipotazama kioo, rodi ya nane, yaani chuma cha nane cha kuchimbia, ilikuwa imeingia ardhini dakika arobaini kabla ya rodi ya saba.

Aron, msimamizi wa mashine, alikuja kuchungulia. "Mwalimu, hongera. Mashine yetu sasa inachimba kuelekea jana."

"Nenda huko."

"Tungojee kidogo, labda itatuchimbia na mwaka juzi."

Asmaa aliifunga saa ya simu isijibadilishe, na jambo hilo likaisha. Deodata akauliza swali lake la giza. Asmaa akawapigia wenye programu, akarudi na jibu: ukiacha kulipa huwezi kuandika kipya, ila vya zamani unaruhusiwa kuvichukua vyote. Deodata alitaka kuona kwa macho yake. Wakavichukua vile vichache vya majaribio, wakavichapa kwenye karatasi, akazihesabu karatasi moja moja.

Kisha wakaanza kuingiza madaftari. Kwa wiki mbili Deodata alisoma kwa sauti na Asmaa akaandika kwenye kompyuta, katika ofisi ndogo nyuma ya duka la vitambaa. Ilikuwa kama kusoma maisha yake. Hapa ndipo mvua ilipowanyeshea siku nne. Hapa ndipo alipokuwa na mimba ya mtoto wa pili, akashindwa kuvumilia harufu ya dizeli.

Siku daftari la mwisho lilipoingia, Asmaa alibonyeza mahali fulani akamgeuzia kioo.

"Tazama, shangazi."

Kwanza aliona ramani tu, na nukta za buluu zilizotapakaa kutoka mpakani hadi misitu ya Biharamulo. Kisha Asmaa akabonyeza tena, na ardhi ikafunguka kwa ubavu kama mkate uliokatwa. Ule udongo mweupe wa muhogo ulitoka kisima kimoja ukaingia kingine, ukapita chini ya barabara, chini ya kanisa, chini ya shule, ukapanda kilima upande wa pili. Chini yake ukafuata mwamba uliooza, mpana, uliolala kama mtu aliyejinyoosha. Na alama zake nyekundu za maji, ambazo kwa miaka kumi na tisa aliziandika moja moja akidhani kila mtu ana yake, zilishikana katika mstari mmoja mrefu.

Deodata aliweka mkono mdomoni.

Aliyagusa yote hayo kwa vidole vyake. Chembe kwa chembe aliyagusa, wala hakuwahi kuyaona. Na kitu hiki, kisicho na pua, ambacho hakijawahi kuloweshwa na mvua ya Ngara, kilikuwa kimekaa kimya kikamsikiliza, kisha kikamwonyesha alichokuwa akikishika. Alitaka kumwita mtu aje aone. Hakujua amwite nani. Akabaki amesimama.

"Na hizi?" aliuliza baadaye. Nukta kadhaa hazikuwa za buluu. Zilikuwa nyekundu.

Asmaa alisoma. "Hamsini na moja. Inasema kuna kosa. Bomba la plastiki, la kuzuia shimo lisibomoke, ni refu kuliko shimo lenyewe."

"Haiwezekani."

"Ndivyo inavyosema. Hiki cha Bugarama: shimo mita thelathini na tisa, bomba lililotelemshwa mita arobaini na mbili. Bomba limezidi shimo kwa mita tatu. Na hiki, tatu. Na hiki pia." Alitelemsha orodha. "Zote tatu tatu."

"Mabomba nilihesabu mwenyewe yakishushwa kwenye lori."

"Labda ulikosea kuandika tu, shangazi. Arobaini na mbili tuifanye thelathini na tisa, nyekundu inaondoka. Sekunde moja."

"Usiguse!"

Alisema kwa ukali hata yeye mwenyewe akashtuka. Akatoka nje. Uani Aron alikuwa akipaka rodi grisi.

"Aron. Ukianza shimo, unaanza wapi kuhesabu?"

"Mwalimu, umeugua? Si uko pale kila siku?"

"Niambie kama mgeni."

"Rodi ya pili ikiingia, naita moja. Ya kwanza ni shikamoo." Alifuta mikono. "Unaingia kwa mtu, unamwamkia kwanza. Shikamoo haihesabiwi. Marehemu Juvenali angenipiga na spana ningehesabu."

Alijua. Bila shaka alijua. Wiki yake ya kwanza kazini alimwona Juvenali, msimamizi wa zamani, akivua kofia rodi ya kwanza ikizama, na mafundi wote wakanyamaza. Aliona ni jambo zuri, akalipenda. Tangu hapo aliandika namba alizoitiwa, na rodi moja ina urefu wa mita tatu. Mabomba alihesabu yeye, mashimo walihesabu wao, ukurasa huu na ukurasa ule, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kuziweka kurasa hizo mbili pamoja. Visima ambavyo mwamba ulijishikilia wenyewe vilipewa bomba la juu tu, kwa hiyo kosa halikuonekana. Hivi hamsini na moja vilivalishwa bomba hadi chini.

Alikaa juu ya tairi. Alikuwa anafikiria Bugarama.

Miaka mitatu iliyopita, wakati wa kiangazi, fundi wa pampu alimpigia simu kutoka kule. Pampu ya mkono haitoi kitu. Shimo lina kina gani? Alisoma daftari: thelathini na tisa. Pampu imeshuka thelathini na sita. Chini yake, alimwambia, ni mita tatu za tope tu. Fundi akauliza, basi kimekufa? Naye akajibu, kimekufa. Watu wa pale walirudi kuteka bondeni.

Siku zilizobaki za majaribio zilikuwa mbili. Angeweza kusema programu haifai. Madaftari yangerudi kabatini na hakuna ambaye angefungua kurasa mbili kwa pamoja. Angeweza kumwachia Asmaa sekunde yake moja. Kitu pekee alichokuwa nacho mjini humu, yeye mtoto wa godoro na jembe, kilikuwa kwamba akiandika, kimeandikwa.

Aliinuka akaenda dukani. Mzee Hasani alikuwa akikunja vitenge. Deodata alimweleza yote akiwa amesimama, hadi lile neno alilomjibu fundi kwenye simu.

Hasani aliketi. Midomo yake ilicheza, akipiga hesabu.

"Mita tatu mara mia mbili na sita," alisema. "Nimewachimbia watu mita mia sita na kumi na nane za shikamoo. Ya Rabi! Na mimi hulipwa kwa mita!"

"Samahani, mzee."

"Juvenali huyu, Mungu amrehemu, ningeweza ningemfufua nimuue." Alicheka, kisha akaacha. Alimtazama. "Hiki cha Bugarama. Unadhani kina maji?"

"Sijui. Ninachojua ni kwamba nilisema hakina, na sikuwa najua."

"Chukua gari. Chukua bomba moja la pampu, la mita tatu. Aron akupeleke kesho asubuhi."

Bugarama waliwapokea bila tabasamu. Mwenyekiti wa kamati ya kisima, Mama Odeta, alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mmekuja kufanya arobaini ya marehemu? Mmechelewa."

"Tumekuja kumpima, mama."

"Mtu wa miaka mitatu kaburini, mnampima nini? Urefu?"

Hata hivyo aliwafuata, na wanawake wengine wakawafuata na ndoo tupu, kwa kuzoea tu. Aron alifungua pampu na kuvuta mabomba ya ndani, moja baada ya jingine. Deodata akafunga nati kubwa kwenye kamba ya vipimo, akapiga magoti, akaitelemsha.

Aliomba kimya apate kusikia. Kamba ilipita vidoleni. Thelathini. Thelathini na tano. Thelathini na sita, mahali alipokuwa ameiambia dunia kwamba mambo yameisha.

Thelathini na saba.

Ilikuwa sauti ndogo sana, kama mtu anayefungua midomo akitaka kusema. Kamba ikawa nyepesi. Aliendelea kuiachia, mita baada ya mita, na nati ikazama ndani ya kitu baridi asichokiona, hadi ilipogota chini. Arobaini na mbili. Alipoivuta, sehemu ya mwisho ilikuwa imelowa, inang'aa juani, na matone yakamdondokea magotini. Maji yalikuwa yamekaa humo kiangazi baada ya kiangazi, wima gizani, hatua moja chini ya neno lake.

Aron aliongeza bomba lile moja. Akafunga mpini, akapampu. Upepo. Upepo. Kisha tope la rangi ya chai, kisha maji.

"Amazi!" mwanamke mmoja aliyapigia maji ukelele kwa lugha ya kwao. "Amazi we!"

Mama Odeta hakupiga ukelele. Alitia kiganja chini ya bomba, akayatazama yakimjaa na kumwagika.

"Miaka yote hii yalikuwa hapa?"

"Yalikuwa hapa, mama. Pampu haikuyafikia. Mimi ndiye niliyesema kimekufa. Niliandika vibaya."

Mama Odeta alimtazama kutoka kwenye kilemba hadi kwenye magoti yaliyolowa.

"Unajua bondeni ni mbali kiasi gani?"

"Sijui."

"Ungejua ungeandika vizuri." Akajipangusa mkono kwenye kanga. "Toka, kijana," alimwambia Aron. "Huyu apampu. Ndoo zote."

Deodata alishika mpini. Ndoo zilikuwa thelathini na kitu, na nyingine zilikuwa zinakuja mbio kutoka kila nyumba. Alipampu hadi mabega yakawaka. Hakuna aliyempokea, na yeye hakuomba. Wanawake walianza kuongea, kisha kucheka, kisha mmoja akamrushia maji usoni, naye akacheka pia huku akipampu.

Simu iliita. Aron akamwekea sikioni.

"Shangazi," Asmaa alisema, "baba anauliza. Kesho siku zinakwisha. Tulipie?"

"Mwambie alipe. Na Bugarama uandike arobaini na mbili, shimo na bomba." Alivuta pumzi. "Hivi vingine hamsini, kilicho karibu nasi ni kipi?"

"Subiri nitazame."

Alisubiri, mikono yote miwili kwenye mpini, na chini ya nyayo zake alihisi maji yakipanda.