Mutai Alipogeuza Nyama ya Kaburu

Mjukuu wangu Mutai ni mpole hivi kwamba nzi akitua puani mwake, yeye ndiye anayeomba radhi. Anaendesha basi la wafanyakazi kule Sanaiya, mtaa wa magereji, na kosa lake la kwanza Doha nililishuhudia kwa macho haya nilipokwenda kumtembelea.

Alitaka likizo akamwoe Kendi. Barua ilihitaji sahihi mbili: ya Kobus, fundi mkuu, kaburu mwenye ndevu zinazoweza kuficha kondoo, na ya Thandeka, meneja, mama mweusi. Wote wa Afrika Kusini. Sheria ya kutenga weupe na weusi kwao ilishakufa ikazikwa, lakini hawa wawili walikuwa bado matangani. Waliamini anayetia sahihi mwisho ndiye mkubwa, basi hakuna aliyekubali kuanza. Wiki nne barua ikazunguka kama kuku asiye na kiota. Harusi ikabakiza siku kumi na mbili.

"Watafute wakiwa wameshiba," nikamshauri.

Ikaja sikukuu yao ya Septemba, ya kuchoma nyama, tukaalikwa kwenye shamba moja Umm Salal, nje ya mji. Barua ilikuwa mfukoni mwa Mutai. Nikakuta meza mbili, weupe huku, weusi kule.

"Nani amewapanga?" nikamwuliza Thandeka.

"Hakuna, Gogo. Miguu tu inajua njia." Kwao pia bibi ni Gogo, kama kwetu Wakalenjin.

Kobus aliwasha moto, akapanga nyama, kisha akaitwa na simu. Aliongea hadi mwezi ukaandama, ukapevuka, ukafa. Nyama ikaungua. Moshi ulivuka mpaka hadi Saudia, ngamia mia saba wakapiga chafya kwa pamoja. Mutai, ambaye kwetu alifunzwa kwamba nyama huangaliwa na aliye karibu nayo, akashika koleo akageuza.

Meza zote mbili zikageuza shingo.

"Nani ameshika koleo langu?" Kobus akaja mbio.

"Mimi, mzee. Ilikuwa inaungua."

"Iungue! Ni moto wangu!"

Maskini Mutai akamtazama Thandeka amtetee. Kumbe huyo ndiye aliyewaka zaidi!

"Wewe! Kwetu moto wa mtu hauguswi! Mimi bosi wake sijawahi kugusa koleo lile!"

"Mwambie tena!" akasema Kobus.

"Marehemu baba yangu angekuchapa!" akaendelea Thandeka.

"Na wangu angemsaidia!"

Wakamkaripia kwa kupokezana kama kwaya ya Pasaka. Miaka mitatu kazini, hawakuwahi kukubaliana hata juu ya saa.

Nikaona mlango umefunguka. "Wanangu, huyu amewatia aibu. Mfukuzeni."

"Aende wapi?" wakauliza.

"Arudi kwao mwezi mzima, akafundwe upya. Karatasi anayo."

"Lete!" Kobus akatia sahihi kwa hasira hadi kalamu ikatoboa. Thandeka akampokonya, akatia yake. Nani mwisho? Hakuna aliyekumbuka kuuliza.

Ndipo Thandeka akasoma. "Gogo! Hii ni ile likizo ya harusi!"

"Harusi?" Kobus akashtuka. "Na nyama ya huko atachoma nani?"

Mutai hakungoja jibu. Aliinyakua barua akatoka langoni kwa miguu kuelekea Kenya, na kama nisingemwita arudi anichukue, jioni ile angekuwa keshavuka Eldoret.