Okidi ya Hooyo na Jicho la Eedo

Mwaka ule wa ukame nyumba yetu ya mtaa wa Iftin ilinuka uunsi tangu alasiri, ule ubani mtamu wa Kisomali, kwa sababu Hooyo, mama yangu, alikuwa akiizungushia chetezo okidi yake, ua la kigeni, kama anayefukiza mgonjwa. Baba alimletea kutoka Nairobi, katika chungu cha kauri kisicho na tundu chini, na mtaani kwetu hakukuwa na nyingine. Majani yalipoanza kuwa manjano, Hooyo hakuuliza ni nini. Aliuliza ni nani. Kisha akaanza kufunga madirisha.

Mshukiwa alikuwa tayari. Eedo Halima, dada yake baba, alikuja kwetu kutoka upande wa Dadaab baada ya mbuzi wake kufa kwa kiu, na siku ya kwanza aliitazama okidi akasema, "Nzuri kweli," bila kutaja Mashallah. Kwetu, kusifu hivyo ni kumtupia mtu husuda. Hooyo akamkataza kuigusa, akawa anamchungulia kupitia pazia. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami mtoto niliamini. Nilimpenda Eedo, lakini alipopita karibu na dirisha nilimtazama machoni kwa hofu. Jani jingine lilipoanguka, Hooyo alimwambia baba kwa sauti iliyofika jikoni alikokuwa Eedo, "Dada yako ana jicho." Baba akachukua birika lake la udhu, akatoka nje. Akufukuzaye hakwambii toka. Asubuhi Eedo alikunja mkeka wake, akanibusu utosini, akaenda kupanda gari la Dadaab.

Majani yaliendelea kugeuka. Hooyo akashuku kwamba Eedo alifukia hirizi chunguni, akaing'oa okidi ili aitafute. Alikuta maji yanayonuka na mizizi ya kahawia iliyopondeka vidoleni kama tambi zilizochacha. Kunywesha kiumbe ni thawabu, na ukame ulitufanya sote wakarimu: Hooyo aliimwagia kila asubuhi, baba aliimiminia maji yaliyobaki kwenye birika la udhu, wageni wakaipa mabaki ya bilauri zao. Ni Eedo peke yake ambaye hakuwahi kuitilia hata tone. Hooyo alikaa sakafuni, akakata mizizi iliyooza kwa wembe, akaiacha ile michache migumu ipate hewa kivulini, akaipanda katika vipande vya makaa ndani ya kopo lililotobolewa. Baada ya muda ilichipua jani la kijani.

Siku hizi watoto wangu hutafuta ugonjwa wa mmea kwenye simu, na jibu huja kabla chai haijapoa. Mimi bado hubonyeza mizizi kwanza, na bado naumia nikimkumbuka Eedo akikunja mkeka. Juzi Hooyo, ambaye sasa ni mzee, alimpigia Eedo kwa simu yangu, akamwomba radhi kwa mara nyingine na kumsihi aje akae nasi.

"Nilishakusamehe, abaayo, dada yangu," Eedo alisema. "Lakini nyumbani kwako nitaweka wapi macho yangu?"